Mteja Hakimbii na Nusu Kichwa

Neema aliniomba nije saluni niongee nanyi, nikakataa. Nikiongea mtanisikiliza huku vidole vinaendelea kusuka. Mtaitikia, "Ndiyo, Mama Feza, kweli kabisa, Mama Feza," na kabla sijafika barabarani mtakuwa mmeshasahau. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi haishikwi na mtu ambaye mikono yake imezama kwenye nywele za watu. Weka chanuo chini. Na wewe uliye karibu na dirisha, weka pia, nakujua.

Juzi nilipopita hapo Kansanga kuwasalimia niliona mambo. Mmoja wenu alikuwa anakula roleksi bila kuishika. Mwenzake alikuwa anamtilia mdomoni kipande cha chapati na yai, yeye anatafuna huku anasuka, na mafuta yanamtiririka kidevuni juu ya kichwa cha mteja. Nilidhani ni mgonjwa nikampa pole. Mwingine alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, shingo imepinda kama ya kuku aliyesikia mwewe. Huyo wa pili alikuwa Neema mwenyewe, mwenye saluni, mtoto wa mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Nikatafuta mahali pa kukaa nikakuta viti vyote ni vya wateja. Nikauliza, "Na nyinyi mnakaa wapi?" Mkacheka. Mlidhani bibi anatania.

Mimi nimesuka nywele kwenye barabara ya Ggaba tangu nilipofika hapa Kampala kutoka Bukavu mpaka magoti yaliponiambia inatosha. Magoti yamekwisha, nakubali, lakini vidole ni vizima. Asubuhi ya leo nimefunga vifungo vya blauzi yangu mwenyewe. Mnaweza kucheka na hilo pia. Mkifika katikati ya karatasi hii hamtacheka.

Aliyetufundisha kazi, mimi na mdogo wangu Esperansi, ni Hajati Saida. Mungu amrehemu. Babu yake alikuja Uganda na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na Hajati hakuacha kutukumbusha jambo hilo kila tulipofungua midomo. Kiswahili chetu cha Bukavu kilikuwa kinamuumiza masikio. Lakini alitupokea tukiwa hatujui Kiganda hata cha kuomba maji, akatupa chanuo, akatuonyesha kichwa, akasema, "Haya, mikono iongee." Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, ina kioo chenye ufa na redio, na birika la chai ya tangawizi ambalo halikupoa.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anafanya. Adhana ya adhuhuri ilipolia kwenye msikiti wa nyuma ya maduka, Hajati alitoa mikono kwenye kichwa alichokuwa anasuka, hata kama yuko katikati ya mstari. Alibana ncha kwa kibanio, akaenda kutawadha. Sisi Wakristo tuliendelea na kazi, tukijiona wenye bidii. Siku ya kwanza alitutazama tu. Siku ya pili alisimama mlangoni na mkeka wake chini ya kwapa.

"Mbona nyinyi hamtoki?"

"Hajati, siye tuko bakristo," Esperansi akamjibu.

"Sikuwaambia mswali. Nimewaambia mtoke. Mimi nina swala yangu, nyinyi mna viuno vyenu. Vikalisheni."

Nikamwonyesha kwa macho yule mama niliyekuwa namsuka. Nikamnong'oneza Hajati, "Na mteja? Akikimbia?"

Hajati akamgeukia yule mama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Hajati hakunong'ona hata kidogo. "Atakimbilia wapi na nusu kichwa?"

Yule mama akacheka mpaka akaomba chai na yeye. Tangu siku ile ndivyo tulivyofanya kazi. Adhana ya adhuhuri, mikono inatoka. Adhana ya alasiri, mikono inatoka tena. Tulikaa, tukala chakula kwenye sahani, siyo kwenye mfuko wa kaveera huku tumesimama. Tulinyoosha vidole, tukavikunja, tukavitingisha chini kama mtu anayekung'uta maji. Na baada ya alasiri Hajati hakuanza kichwa kikubwa. Wasichana wa chuo kule Kyambogo walikuwa wanakuja jua limeshainama, wanataka rasta nyembamba kama uzi za kuvaa kwenye mahafali kesho yake.

"Hajati, bambi, tafadhali!"

"Mahafali yako uliyajua lini?"

"Mwaka huu wote."

"Basi mwaka wote nilikuwa hapa. Leo nitakusuka biswahili, mistari minane ya nguvu, utapendeza na utalala. Ukitaka rasta, kesho alfajiri njoo na uji wako."

Walinung'unika, wakasukwa biswahili, wakapendeza. Nyinyi leo mteja akituma picha kwenye simu usiku mnajibu "njoo tu dia", halafu mnaniambia kazi ni nyingi. Kazi siyo nyingi. Neno "hapana" ndilo limekuwa adimu.

Nisije nikasahau habari ya mwiko. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na ufunguo alikaa nao mwenye nyumba. Kwa kuwa watu walikuwa wanaondoka nao mfukoni, aliufunga kwenye mwiko wa kusongea posho, yaani ugali, mkubwa, wa kupikia shule nzima. Ukitaka kwenda ilibidi upite mbele ya wauza mkaa, wachoma mahindi na bodaboda wote wa kona ile ukiwa umeshika mwiko. Bodaboda hawakuwa na huruma. "Nyabo, leo napika nini? Tutaletea sahani!" Basi tukaacha kunywa maji. Asubuhi mpaka jioni koo kavu, tunajisifu kwamba hatupotezi muda. Esperansi ndiye alikuwa bingwa. Kichwa kikimuuma anasema ni jua, na macho yakimzunguka anasema ni njaa.

Hajati alipogundua hakutuhubiria. Alichukua ule mwiko yeye mwenyewe, mama mtu mzima aliyehiji, akapita nao mbele ya bodaboda wote ameuinua juu kama bendera, akitoa salamu kushoto na kulia. Aliporudi akautundika mlangoni. "Mmeona? Sijafa kwa aibu. Nyweni maji." Nyinyi sasa mna choo humohumo ndani, mlango una komeo, na bado hamnywi maji. Mimi nawashangaa.

Turudi kwa Esperansi, maana karatasi hii ni yake.

Ng'ambo ya barabara ilifunguliwa saluni mpya, kioo kuanzia juu mpaka chini, na muziki uliokuwa unatikisa hata birika letu. Pale msusi alilipwa kwa kichwa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia akae. Esperansi alihamia kule. Hajati hakumzuia, alimpa mkono na kumtakia baraka. Mimi nilikasirika wiki nzima, halafu nikamwelewa. Mdogo wangu hakuwa mjinga wala mlafi. Alikuwa na Neema mdogo wa kusomesha, na baba wa Neema tulimwacha kwenye udongo wa Kongo. Nyinyi pia mna sababu zenu, najua. Kila mtu anayejichosha ana sababu nzuri. Mimi sijakutana bado na mwenye sababu mbaya.

Mwanzoni alitucheka. Sisi tukikaa na vikombe vyetu vya adhuhuri, yeye alikuwa anatupungia chanuo kupitia kile kioo. Jioni nyumbani Namuwongo, kwenye chumba chetu karibu na reli, alinichokoza akiniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, "Yaya, bateja benu bote beko nakuya kwetu. Mutakunywa chai mupaka lini?" Ilikuwa kweli. Wateja walipungua. Wasichana wa Kyambogo walivuka barabara wote kama kundi la mbuzi. Nilimlalamikia Hajati, naye akanijibu kwamba mwenda pole hajikwai. Nilisema moyoni, hajikwai na hafiki.

Nyumbani kulikuwa na mambo madogo madogo ambayo niliyaona na sikuyaona. Neema alianza kujifunga vifungo vya sare ya shule mwenyewe. Tukamsifu, mtoto amekua. Esperansi aliacha kusonga fufu, ugali wetu wa muhogo. "Songa weye, yaya, yako inakuwaka muzuri kuliko yangu." Nikavimba kichwa, nikasonga. Alianza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nikadhani anapenda joto lake kwa sababu ya mvua. Mtu anayejichosha ana akili nyingi sana za kuficha. Angezitumia akili hizo kupumzika angekuwa tajiri.

Ukafika msimu wa harusi. Jumatatu moja aliingia saluni kwetu mama mnene aliyevaa gauni la gomesi la kung'aa, mabega yamesimama kwa hasira. Alikuwa senga, shangazi wa bibi harusi, yule ambaye kwa desturi za Waganda ndiye anamwandaa binti na kumsimamia siku ya kutambulishwa kwa wakwe. Nyuma yake alikuwa binti mwenyewe, amefunika kichwa kwa leso, macho mekundu. Senga akanisukumia simu usoni.

"Tazama picha! Upande huu mutoto nacheka. Upande huu nyusi iko juu, nauliza watu ya bwana halusi, 'Nyinyi natoka wapi?' Napiga magoti, nasalimia wazee, lakini nyusi nakataa kushuka! Mama ya bwana halusi nasema huyu binti ana dhalau!"

Nilitazama picha. Mniwie radhi, nilicheka. Hajati naye aligeukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya wakwe zake kwa adabu zote, mikono imekunjwa vizuri, na nyusi ya kushoto imepanda juu kama ya hakimu aliyesikia uongo. Hata yeye mwenyewe akaanza kucheka, halafu akasema "ai" akashika kichwa. Hakuwa amelala tangu asukwe. Harusi ya kanisani ilikuwa Jumamosi, na senga alitaka kichwa kifumuliwe kianzwe upya.

Nikamkalisha nikaanza kufumua. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa na mtu mmoja, na wa kushoto na mtu mwingine, kama ilivyo kawaida kichwa kikiwa cha haraka. Ule wa kulia ulikuwa wa kawaida tu. Nilipofika wa kushoto kicheko kiliniisha.

Nawaambia jambo ambalo hamtalipata kwenye simu zenu. Mkono mzima unasikia nywele. Unajua ngozi ya kichwa imeanza kulalamika kabla mwenye kichwa hajafungua mdomo, na unalegeza wenyewe bila wewe kuuambia. Mkono uliochoka hausikii vizuri. Kwa kuwa hausikii, unavuta. Kila mstari unauvuta zaidi ya ule wa kwanza, na wewe unaona unasuka kama kawaida. Kwa hiyo mkiona mteja anakunja uso, msimwambie avumilie kwa kuwa urembo unauma. Angalieni kwanza mikono yenu.

Upande ule wa kushoto nywele zilikuwa zimevutwa mpaka ngozi imetoa vipele. Lakini mistari ilikuwa imenyooka vizuri mno, na ilipofika nyuma ya sikio ilipinda kidogo, mpindo mdogo wa kulizunguka sikio lisiumie. Hakuna msusi Kampala nzima aliyekuwa anafanya hivyo isipokuwa mimi na mdogo wangu. Mama yetu ndiye aliyetufundisha, tukiwa tumekaa katikati ya magoti yake. Nilishika ule mpindo nikajua ni mkono wa Esperansi, na nikajua mkono wa Esperansi hausikii tena. Niliogopa. Vile vifungo vya Neema, lile fufu, kile kikombe cha mikono miwili, vyote vilinijia kwa pamoja.

"Unalia nini?" Hajati akaniuliza.

"Ni Esperansi, Hajati. Hii ni yeye."

Hajati akapitisha vidole vyake kwenye ile mistari polepole. Hakucheka tena. "Nitamaliza mimi kufumua. Nenda ng'ambo ukamlete."

Nilivuka barabara nikamkuta amesimama, viwiko juu, anasuka kichwa cha mtu. Nikamwambia anipe mkono. Akasema, "Nimalize huyu kwanza, yaya." Nikauchukua ule mkono wa kulia kwa nguvu, nikaweka kibanio kidogo kwenye kiganja chake, nikakunja vidole juu yake. Nilipouachia, kibanio kiliteleza kikaanguka sakafuni, na Esperansi hakutazama chini. Alikuwa ananitazama mimi amekunja ngumi.

"Umeshika nini?" nikamuuliza.

"Si kibanio ulinipa?"

Nilitazama chini, naye akafuata macho yangu. Akafungua ngumi, akaona kiganja kitupu. Muziki ulikuwa unapiga, wateja wanaongea, hakuna aliyejua kilichotokea ila sisi wawili. Akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Usiambie Neema."

Muuguzi kwenye kliniki aliubonyeza ule mkono, akaugonga, akaukunja. Alisema mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono kwa sababu ya kazi moja isiyo na pumziko. Ukipumzishwa sasa, huenda ukarudi. Ukiendelea, hata kijiko kitamshinda. Alimfunga kwa kibao na bendeji. Esperansi alitoka pale akiwa ameubeba mkono kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Njiani alisema neno moja tu, kwamba hajui kazi nyingine. Ilikuwa kweli. Tulikuwa wakimbizi kwenye mji wa watu, mikono ndiyo ilikuwa shamba letu.

Nilimpeleka kwa Hajati. Hajati alikuwa anamalizia chai yake.

"Kesho uje kazini," akamwambia.

"Hajati, nitasuka na nini?"

"Nimesema usuke? Utakuja uwakalishe hawa. Mimi nimeshawazoea na wao wameshanizoea, wananidanganya. Adhana ikilia wewe utatoa mikono yao kwenye nywele. Utahakikisha wamekunywa maji. Utapitisha huo mkono wako wa kushoto juu ya kila kichwa kabla hakijatoka, ukikuta mstari umekaza, ufumuliwe."

Esperansi akaanza kulia. "Utanilipa ju ya kukaa?"

"Nakulipa kwa sababu wewe peke yako humu ndiye unajua bei ya kutokukaa. Kunywa chai."

Basi tukapata mtawala. Hajati alikuwa mpole, Esperansi hakuwa. Adhana ikichelewa yeye hakuchelewa. Alikuwa anashika kiwiko chako na kukitoa kichwani kwa mteja kama mtu anayetoa paka kwenye chungu. Ukisema hujisikii kiu, anachukua mwiko mlangoni, anakukabidhi, anakumiminia maji palepale. Msimu ulikuwa umepamba moto, benchi limejaa, na mteja mmoja mwenye haraka zake alisimama na kusema anaondoka, hawezi kungoja watu wamalize kula. Esperansi alimletea kioo kidogo. "Angalia kwanza, mama. Halafu ukimbie." Yule mama akajiangalia, akakaa.

Na mimi niliyekuwa nanung'unika, nilianza kuona. Vichwa vilikuwa vinakwisha. Tulifunga saluni mapema kuliko wale wa ng'ambo, kwa sababu asiyechoka hafumui. Hakuna kazi inayokula muda kama kufumua ulichokosea jana. Yule senga, baada ya harusi ya Jumamosi nyusi zote mbili zikiwa mahali pake, alituletea ukoo mzima wa mwanaume, hata yule mama mkwe aliyesema binti ana dharau. Nyinyi mmezoea kusema mchumia juani hulia kivulini. Ni kweli, lakini kivuli chenyewe mnakikimbia.

Mkono ulichukua muda mrefu kurudi. Nasema muda mrefu kwa sababu najua mnapenda vitu vya haraka, mtamaliza kusoma hapa mtaanza kunyoosha vidole leo, kesho mtaniuliza mbona bado vinauma. Siku moja wakati wa adhuhuri Esperansi alipokea kikombe kwa mkono wa kulia, mara akakiachia, kikapasuka, chai ikaruka mpaka kwenye redio. "Inachoma!" akapiga kelele. "Yaya, inachoma!" Tulisimama wote tukapiga vigelegele. Hajati alitoka kwenye swala yake akatukuta tunacheza katikati ya vigae vya kikombe, na mteja amejibana kwenye kona akidhani tumepatwa na wazimu. Wiki ile Neema alichelewa shule. Mama yake alikuwa anamfunga vifungo vya sare, anavifungua, anavifunga tena, na mtoto analia kwamba yeye ameshakua anajua mwenyewe. Unakumbuka, Neema? Mwalimu alikupiga marufuku kuingia darasani, ukarudi nyumbani umenuna, na mama yako akakufunga tena.

Rasta nyembamba hakuzisuka tena maishani. Mkono ulirudi lakini haukurudi wote, na hilo nalisema wazi ili asiwepo wa kudhani mwili unasahau. Biswahili anasuka mpaka leo, na hakuna anayemshinda. Ile saluni ya kioo haipo, pale sasa wanauza simu. Labda ndiko mliponunua hizo zinazowapinda shingo.

Neema, mwanangu, wewe ulilelewa chini ya ile adhana, umekua ukiuona ule mwiko mlangoni, halafu umefungua saluni isiyo na kiti cha msusi. Mama yako alikuwa na sababu nzuri, na sababu yenyewe ilikuwa ni wewe. Wewe una sababu gani? Bodaboda anayeleta karatasi hii anakuletea pia vigoda. Usimpe pesa, nimeshamalizana naye. Msivipe wateja. Kunjeni vidole, vinyoosheni, vitingisheni chini. Nyweni maji. Msikiti haujahama, adhana mtaisikia hata kwenye huo muziki wenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kikao cha kina mama wa kanisa, na Esperansi alikuwa ananisuka hapa mlangoni kwetu. Nywele zangu sasa ni nyeupe, na zinateleza, lakini yeye hazimsumbui. Alikuwa amemaliza upande mmoja, na saa zilikuwa zimekwenda. Adhana ikalia. Nikahisi mikono yake inatoka kichwani kwangu.

"Esperansi, malizia tu, niko nachelewa," nikamwambia.

Nilisikia birika likiinamishwa, kigoda kikivutwa. Nilipogeuka alikuwa amekaa, ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, anapuliza chai kwa sababu ilikuwa ya moto.

"Utakimbilia wapi, yaya," akaniuliza, "na nusu kichwa?"